Viatu vya Masufuria Ndani ya Nyumba ya Mfalme

  Leo nawaomba tuwekane sawa kwenye jambo moja ambalo huku Ufaransa linazua ubishi kila linapojitokeza: je, ni sawa kuchukua vitu vya wasanii wa leo na kuvipanga ndani ya kasri la zamani, katikati ya dhahabu na michoro ya wafalme?

Nilipomtumia shangazi yangu picha ya viatu viwili vya kike, virefu karibu mita 3 kwenda juu, vilivyotengenezwa kwa masufuria na vifuniko vyake, vimesimama katikati ya ukumbi wa mfalme, alinijibu kwa maneno mawili tu: "Wazungu wameshiba." Nilicheka sana. Lakini nilipokaa na kufikiri niliona kwamba wenyewe Wazungu wengi wanasema hivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi na kwa kwenda mahakamani. Mimi msimamo wangu ni tofauti, na leo nitaueleza hatua kwa hatua. Asiyekubali anijibu, sina neno.

Kwanza nyumba yenyewe. Kasri ninalozungumzia ni Versailles, kama kilomita 20 hivi kutoka Paris. Mwaka 1623 mfalme Louis XIII alijenga pale nyumba ndogo ya kupumzikia anapokwenda kuwinda. Mwanawe, Louis XIV, yule anayeitwa Mfalme Jua, akaanza kuipanua mwaka 1661, na mwaka 1682 akahamishia huko serikali yake yote pamoja na masharifu wake. Ndani kuna mapambo ya ule mtindo wa karne ya 17 na 18 unaoitwa Barok. Kwa kifupi Barok ni sanaa isiyojua kunong'ona. Dari zimechorwa mpaka unadhani paa limefunguka na mbingu inaonekana, dhahabu kila kona, marumaru ya kila rangi, sanamu zinazojipinda kama zinataka kuruka. Kazi yake ilikuwa moja tu: anayeingia atoke amenywea, ajue nani mkubwa.

Chumba kinachojulikana kuliko vyote ni Ukumbi wa Vioo, uliojengwa kati ya 1678 na 1684. Una urefu wa mita 73 na vioo 357. Leo kioo unanunua dukani bila kufikiria mara mbili, lakini zama zile kioo kikubwa kilikuwa mali ya kutisha, na mafundi wake walikuwa Venice. Waziri wa mfalme, Colbert, aliwashawishi baadhi ya mafundi hao wakatoroka na kuja Ufaransa, ndipo kiwanda cha vioo kikaanzishwa hapa mwaka 1665. Juu darini mchoraji Charles Le Brun akachora michoro 30 ya kumsifu mfalme huyo huyo. Yaani ukiangalia juu unamwona yeye, ukiangalia pembeni unajiona wewe mdogo kwenye vioo vyake. Si mchezo.

Sasa ugomvi. Mwezi Septemba 2008 uongozi wa Versailles ulimruhusu Mmarekani Jeff Koons kuweka kazi zake 17, karibu zote ndani ya vyumba vya mfalme na malkia na moja bustanini. Katika ukumbi wa Hercules, ambao dari yake ilimchukua mchoraji François Lemoyne miaka mpaka akaimaliza mwaka 1736, Koons aliweka mbwa mkubwa wa chuma king'aacho, kimo chake zaidi ya mita 3, mwenye umbo la yale maputo wanayokunjiwa watoto kwenye sherehe. Katika chumba kingine akaning'iniza kamba-mti mwekundu mithili ya yule wa kuchezea watoto kwenye maji. Pengine akaweka sanamu ya kauri ya Michael Jackson amempakata sokwe wake.

Wafaransa wakawaka. Wengine walisimama getini na mabango. Mzao mmoja wa Louis XIV alikwenda mahakamani mwishoni mwa mwaka huo akidai kwamba heshima ya babu zake imevunjwa. Alishindwa, maonyesho yakaendelea. Mwaka 2010 alipokuja Mjapani Takashi Murakami na maua yake yanayocheka, zikaanza saini za kupinga. Mwaka 2012 alikuja Joana Vasconcelos, Mreno aliyezaliwa Paris, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi ile. Ndiye mwenye viatu vya masufuria. Mwaka 2015 zamu ya Anish Kapoor, mzaliwa wa Mumbai anayeishi Uingereza, na hapo mambo yaliharibika kabisa, nitayafikia.

Mfumo huu wa kazi wanauita instalesheni. Msanii haleti tu sanamu ya kuweka pembeni, bali anapanga vitu ndani ya chumba mpaka chumba chenyewe kinakuwa sehemu ya kazi. Ndiyo maana ubishi unakuwa mkali. Mchoro usioupenda unapita kushoto. Lakini mbwa wa mita 3 chini ya dari ya Lemoyne, utapita wapi?

Nawatendea haki wanaopinga, kwa sababu hoja zao si za kipuuzi. Wanasema: mtu ametoka Brazil au China, amedunduliza miaka, amekuja kuona Versailles mara moja katika maisha yake, na kumbe picha yake ya ukumbi wa Hercules ina mbwa wa puto katikati. Wanasema pia kwamba kasri ni mali ya umma, na msanii akishaonyesha humo bei yake sokoni inapanda, kwa hiyo umma unamtajirisha mtu binafsi. Na wanasema kuna mahali pa kila kitu, muziki wa dansi ni mzuri lakini hauupigi kwenye mazishi.

Hoja ya tatu ndiyo inayowagusa watu wengi, na ndiyo ambayo mimi naikataa. Inasema kwamba Versailles iachwe kama ilivyokuwa. Nauliza: ilivyokuwa lini?

Louis XIV alijaza Ukumbi wa Vioo samani za fedha tupu, meza, vinara, vyungu vya miti, vyote fedha. Mwaka 1689 vita vikamzidi, akaamuru viyeyushwe vyote vikawa sarafu za kulipia askari. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeyeyusha kazi nzuri kuliko zote zilizokuwamo! Yakaja Mapinduzi, na kuanzia 1793 samani za kasri zikauzwa kwa mnada. Mwaka 1837 mfalme mwingine, Louis-Philippe, akaligeuza kasri kuwa jumba la makumbusho, na kwa ajili hiyo akavunja vyumba vya ndani vya masharifu ili apate kuta za kutundikia picha kubwa za vita. Mwaka 1871 Wajerumani, baada ya kuwapiga Wafaransa, walikuja kutangazia dola lao ndani ya Ukumbi wa Vioo, makusudi kabisa, kuwafedhehesha. Na tarehe 28 Juni 1919 ndani ya ukumbi huo huo Wajerumani wakatiwa adabu kwa kusainishwa Mkataba wa Versailles.

Hapo ndugu zangu tulieni kidogo, maana hapo ndipo tunapoingia sisi. Kwa mkataba ule Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Afrika Mashariki ya Wajerumani ikagawanywa: Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, na hata Wareno walipata kipande chao cha Kionga kule kusini mwa mto Ruvuma. Na tena, kifungu cha 246 cha mkataba kinasema kwamba Ujerumani irudishe fuvu la kichwa la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi 6. Ndiyo, Mkwawa wetu, wa Iringa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe hai. Jina lake limo katika karatasi iliyosainiwa chini ya dari ya Le Brun. Miezi 6 ikawa miaka 35: fuvu lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga.

Kwa hiyo mtu akiniambia mambo ya Versailles ni ya Wafaransa na wazao wa mfalme, namwambia samahani mzee, ukumbi ule ulipanga mpaka mipaka ya kijiji cha bibi yangu. Nina haki ya kuwa na maoni.

Na nikisimama mle ndani kama mtu mwenye haki ya maoni, naona jambo hili: nyumba ile haijawahi kutulia. Kila aliyekuja aliweka lake na kuondoa la mwenzake. Wasanii wa leo angalau wanaondoka na vitu vyao baada ya miezi michache, na ukuta wanauacha kama walivyoukuta. Louis-Philippe hakuondoka na ukuta wake.

Basi kama kubadilika si kosa, swali linakuwa lipi? Kwangu mimi ni hili: kitu kipya kinakufanya ukitazame kitu cha zamani kwa makini zaidi, au kinajitazamisha chenyewe tu? Hicho ndicho kipimo changu.

Tuanze na Vasconcelos. Viatu vile vinaitwa Marilyn, kwa jina la Marilyn Monroe. Ni viatu vya visigino virefu, vya kwendea dansi. Lakini ukisogea unaona ni masufuria, yale yale ya kawaida ya kupikia wali. Viliwekwa ndani ya Ukumbi wa Vioo, vikarudiwa mara mia kwenye vioo. Nilikuwepo kiangazi kile cha 2012, na nawaambia, watu walikuwa wanacheka kwanza, halafu wananyamaza. Kwa nini? Kwa sababu ukumbi ule ulikuwa wa kucheza dansi na kujionyesha, na kila mtu anajua kwamba nyuma ya kila karamu kuna jiko. Katika michoro 30 ya Le Brun utaona mfalme anavuka mto Rhine, mfalme anapokea mabalozi, miungu ya Kirumi inampigia makofi. Anayesugua sufuria hayumo. Vasconcelos amemleta. Hakuhutubia, hakubandika maelezo ya ukali ukutani. Alileta vyombo vya jikoni, akavivalisha umbo la ufahari, basi. Baada ya hapo ukirudi kuitazama ile dari unaiona kwa jicho jingine.

Alifanya na mengine. Aliwavalisha simba wa mawe na kamba-mti wa kauri vitambaa vya kroshia, vile vile mama zetu wanavyofunika makochi na redio. Nilipoviona nilikumbuka sebule nyingi za Tanga na Morogoro. Alitundika moyo mkubwa uliosukwa kwa vijiko na uma za plastiki, kwa mfano wa vidani vya dhahabu vinavyovaliwa na wanawake wa Viana kule Ureno. Alileta helikopta iliyovishwa manyoya ya mbuni ya rangi ya waridi, maana malkia Marie Antoinette alipenda manyoya hayo kichwani. Huo ndio Barok wenyewe, jamani! Kuzidisha, kufurika, kukataa kunyamaza. Ila safari hii ufahari umetengenezwa kwa vitu vya mtu wa chini. Ukiniuliza mimi, katika wageni wote wa Versailles huyu ndiye aliyeielewa nyumba.

Koons je? Naomba nisiwe mnafiki, yule mbwa ni mzuri. Chuma chake kimesuguliwa mpaka kinaakisi dari yote, na watoto walikuwa hawataki kuondoka. Lakini nikitumia kipimo changu anapata nusu ya alama. Mbwa yule alitengenezwa kabla ya kuletwa pale, na angeng'aa vile vile kwenye jengo la benki. Tena kulikuwa na jambo lililonikera. Kazi kadhaa zilizoonyeshwa zilikuwa mali ya tajiri François Pinault, na mkuu wa Versailles wa wakati ule, Jean-Jacques Aillagon, kabla ya hapo alikuwa akimwongozea Pinault jumba lake la sanaa kule Venice. Sisemi kuna sheria iliyovunjwa. Nasema kwamba wanaopinga wanapozungumzia bei na soko wana hoja, na wanaotetea sanaa mpya wasijifanye hawaisikii. Nyumba ya umma ikikopesha jina lake, umma una haki ya kuuliza nani anafaidika.

Na hapo hapo niwaonyeshe upande wa pili wa shilingi. Vasconcelos alitaka kuleta kazi yake iitwayo Bi Harusi, taa kubwa ya kuning'inia kama zile za kwenye makasri. Ukiwa mbali unaona taa nyeupe nzuri ajabu. Ukisogea unakuta imetengenezwa kwa maelfu ya tamponi, yale mapamba wanayotumia wanawake wakiwa katika siku zao. Versailles ikakataa. Helikopta ya manyoya, ruksa. Sufuria, ruksa. Hedhi, hapana. Nyumba ambayo malkia alikuwa akijifungua mbele ya umati wa masharifu, maana desturi ilidai mashahidi, leo inaona haya kwa pamba safi! Najua baadhi yenu mtasema mambo hayo ni ya faragha, na kwetu hayatundikwi darini. Naheshimu. Lakini uongozi ukisema unampa msanii uhuru halafu ukamnyima kazi ambayo ingegusa hasa maisha ya wanawake walioishi mle, hapo mimi naona uoga, sioni heshima.

Sasa Kapoor. Mwaka 2015 aliweka bustanini bomba kubwa la chuma lenye mdomo kama tarumbeta, urefu wake kama mita 60, limezungukwa na mawe makubwa na udongo uliofukuliwa. Bustani ya Versailles imepigwa rula: miti imenyolewa, njia zimenyooka, kila kitu kina pacha wake upande wa pili. Yeye akaleta vurugu katikati. Magazeti yakaandika kwamba aliifananisha na utupu wa malkia, na hapo moto ukawaka. Kwanza watu waliirushia rangi. Kisha mwezi Septemba wakaja usiku wakaandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mama yake Kapoor ni Myahudi.

Kapoor akasema maneno yale yasifutwe, yabaki yaonekane, ili kila mtu aone chuki iliyopo nchini. Mahakama ikaamuru yafichwe. Yakafunikwa kwa dhahabu ya kubandika. Fikirieni jambo hilo kwa makini. Chuki imeandikwa ukutani, na dawa iliyotumika ni kuipaka dhahabu. Sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo, lakini hakuna kilichoeleza makasri ya Barok vizuri zaidi ya hapo. Kwa hoja ya Kapoor sikubaliani naye moja kwa moja, maana Myahudi anayepita pale na watoto wake hakuja kusoma matusi. Lakini wale waliosema tangu 2008 kwamba wanatetea heshima ya nyumba, nilisubiri wapige kelele kwa matusi yale kama walivyompigia kelele mbwa wa puto. Kelele nilizosikia zilikuwa ndogo zaidi.

Kuna kasri jingine ng'ambo ya maji linalonisaidia kumaliza hoja. Kule Uingereza, karibu na Oxford, kuna Blenheim. Lilijengwa kwa ajili ya jenerali aliyelipiga jeshi la Louis XIV mwaka 1704, na juu ya jengo waliweka sanamu ya kichwa cha Louis huyo huyo, iliyotekwa vitani. Kwa hiyo ni mtani wa Versailles. Mwaka 2019 msanii Mwitaliano Maurizio Cattelan aliweka humo choo cha kukalia cha dhahabu ya karati 18, kinafanya kazi, kimeunganishwa na bomba, karibu na chumba alichozaliwa Winston Churchill. Kazi inaitwa Amerika. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba wezi waliingia wakaking'oa, maji yakafurika kwenye jengo la kale. Mwaka 2025 watu walihukumiwa mahakamani, lakini dhahabu haijaonekana.

Wengi walicheka, nami nilicheka. Ila tazama: Louis XIV aliyeyusha fedha ya ukumbi wake kulipia vita, na choo kile hakuna ajuaye kimeyeyushiwa wapi. Kwa mwenye nacho au mwizi, kitu cha thamani mwishowe kinapimwa kwa kilo. Cattelan anafaulu kipimo changu kwa nusu saa tu: mzaha wake ni mkali, unakufanya ujiulize dhahabu yote ile ya ukutani ilikuwa ya nini, lakini ukishacheka umemaliza. Sufuria za Vasconcelos bado zinanifikirisha baada ya miaka yote hii. Na mwaka 2024 Mfaransa Eva Jospin alionyesha Versailles pazia refu la hariri lenye msitu na mapango, lililotariziwa kwa mkono kule Mumbai. Lile halikumtukana mtu wala kumchekesha mtu. Uliona tu saa za kazi za mikono ya watu. Kwangu lilitosha.

Nyumbani sisi jambo hili halitushtui sana, nadhani. Ngome Kongwe ya Zanzibar ilijengwa kwa ajili ya kupigana, lakini kuanzia 1998 imekuwa ikionyesha filamu za tamasha la nchi za majahazi, na kuanzia 2004 Sauti za Busara wakapiga muziki humo. Sijasikia mtu akisema kuta zimevunjiwa heshima na ngoma. Kuta zinapenda watu.

Sasa niwaambie ninachokitaka. Wasanii wote niliowataja wamezungumza na Versailles kuhusu ufahari, kuhusu wanawake, kuhusu pesa. Ila kuna mazungumzo mengine yanayosubiri. Mwezi Machi 1685, wakati Ukumbi wa Vioo ndiyo kwanza umekamilika, Louis XIV alitoa kutoka Versailles ile Sheria ya Weusi, iliyopanga namna mtumwa katika makoloni ya Ufaransa atakavyomilikiwa, atakavyobatizwa na atakavyoadhibiwa akitoroka. Mwaka 1776, mjukuu wa kitukuu chake, Louis XVI, akiwa kwenye kiti, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya bahari yetu. Sukari na kahawa vilivyotoka kwenye mashamba ya namna hiyo vilinywewa kwenye vikombe vya dhahabu na kauri tunavyopanga foleni kuvitazama.

Dari ya Le Brun haisemi habari hiyo, na kibao cha maelezo peke yake hakitoshi, watu hawasomi vibao. Lakini kitu kikiwekwa katikati ya chumba, kikubwa, kisichoweza kupitwa, watu watasimama. Ndiyo nguvu ya instalesheni, na ndiyo sababu naitetea hata pale inaponiudhi.

Ningependa siku moja mchongaji au mfumaji kutoka Iringa au Kilwa apewe Ukumbi wa Vioo kwa miezi mitatu. Aweke anachotaka yeye: kiti kitupu cha Mkwawa, au majahazi, au mikeka 246. Wapo watakaosema amevamia nyumba ya watu. Sisi tutawaonyesha karatasi ya 1919 ambayo jina letu limeandikwa humo, tena kwa wino wa wenye nyumba.

Shangazi, Wazungu wameshiba kweli, hapo hatubishani. Ila mle ndani na sisi tuna sahani yetu, na haijapakuliwa bado. Wewe uliyeko Songea, Mombasa au Bujumbura unaonaje? Nijibuni, msiogope kunipinga.

Wasalaam, na wasalimieni wote nyumbani.